Njia ya Mikokoteni Miwili

Swali lilimkuta Mama Sare chini ya meza ya kukatia nguo, amepiga magoti, anatafuta kifungo kilichomponyoka.

"Mwanangu," mama yake alisema kutoka kwenye kiti chake, "mimi nikizidiwa, nitatolewa wapi?"

"Mlangoni, mama. Ulitaka utolewe dirishani?"

"Mlangoni nitatoka. Halafu? Gari litanifuata wapi? Au mtanipitisha juu ya ukuta wa Mwalimu kama gunia la mkaa?"

Mama Sare akacheka. Alikuwa na kicheko cha kukwepea mambo, kifupi, cha puani, na wateja wake walikijua vizuri kwa sababu ndicho alichowapa kila sare za shule alizowashonea zilipochelewa. Mama yake alikijua kabla yao wote. Hakucheka.

Bibi kizee huyu hakuwa mtu wa kuuliza maswali ya kupitishia muda. Aliishi katika nyumba ya zamani, mwisho kabisa wa kichochoro, na duka la binti yake lilikuwa mwanzoni, pale kichochoro kinapotokea barabara kubwa. Kila asubuhi alikongoja na fimbo yake mpaka dukani, akaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na cherehani, akawa anawatazama wapita njia na kuwasema mmoja mmoja. Lakini miguu ilikuwa imeanza kumvimba na pumzi kumwishia njiani. Na asubuhi hiyo, palipo pembamba kuliko pote, kati ya ukuta wa duka na ukuta wa ng'ambo, alikutana na mtu aliyebeba godoro. Wakasukumana kidogo, kila mmoja akiomba radhi, na godoro likashinda. Ilibidi yeye arudi kinyumenyume mpaka kwenye geti la jirani ili godoro lipite. Hapo ndipo swali lilipozaliwa.

"Baba yenu alipougua," aliendelea, "gari lilimfuata mpaka mlangoni. Likageuza pale uani bila kugusa hata jani. Akatoka amelala vizuri, watu wamesimama huku na huku wanampungia mkono. Na mimi nataka hivyo hivyo. Sitaki makubwa."

"Mama, nawe! Nani kakwambia unakwenda popote?"

"Nimekuuliza njia, sijakuuliza habari ya kwenda."

Ukimwambia mtoto wa mtaa ule kwamba kichochoro kile kilikuwa njia, atakuuliza leo umekula nini. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Penye duka la sare palikuwa mahindi. Penye ghorofa la Mwalimu, jirani wa duka, palikuwa maharage. Kule chini kwenye kijito, ambako sasa wanaosha magari na maji yanapita na povu, palikuwa viazi vitamu, na jioni ukisimama juu ulisikia vyura tu. Lote lilikuwa shamba la baba yake Mama Sare, mtu mrefu, mkimya, aliyeitwa Mzee Plau kwa sababu upande ule wote ni yeye tu aliyekuwa na plau ya kukokotwa na ng'ombe, na hakuwa na kinyongo cha kuwalimia wengine.

Mji ulimjia kwa adabu. Kwanza ulikuja kama nguzo za umeme juu ya kilima cha ng'ambo. Kisha ukaja kama watu wenye viatu safi, wanaosimama pembeni mwa tuta na kuomba mahali pa kujenga kajumba tu, Mzee, ka kujisitiri. Mzee Plau alikataa weee, mpaka misimu kadhaa ya mvua ikamtupa mkono na yeye mwenyewe akaanza kushika kiuno kila akiinuka. Siku alipokubali, hakuita mpimaji. Alifunga ng'ombe wake alfajiri, akateremka nao kutoka barabarani mpaka nyumbani kwake, akachora mfuo mmoja mrefu, kisha akapandisha akachora wa pili. Katikati ya mifuo hiyo aliacha nafasi ya mikokoteni miwili kupishana bila wenyewe kutukanana.

"Huku na huku tutauza," aliwaambia mkewe na watoto. "Hapa katikati si pangu, si penu, wala si pa atakayenunua. Hapa ni pa kupita."

Aliyewaongoza ng'ombe siku ile alikuwa binti yake mkubwa, ambaye wakati huo hakuwa Mama wa chochote, alikuwa msichana mwenye miguu mirefu na vumbi mpaka magotini. Baba alishika plau nyuma, yeye mbele na kamba, macho kwenye mti mmoja wa mbali ili mfuo unyooke. Karibu na barabara nyigu alimpitia sikioni, akaruka pembeni, na ng'ombe nao wakamfuata. Mfuo ukapinda. Baba yake alicheka mpaka akaachia mpini. Hakuurudia ule mfuo. Alisema njia itakuwa na kona ya binti yangu, watu watauliza imetoka wapi na hawatajua. Miaka mingi baadaye kona ilikuwa bado ipo, na ni pale pale kwenye kona ndipo Mama Sare alipokuja kujengewa duka.

Sasa hiyo njia ya mikokoteni miwili iliishaje? Haikuibwa. Mwizi angekamatwa. Kila aliyenunua kiwanja alipanda michongoma kwenye mfuo, na mchongoma ni mti mlafi, hunenepa pande zote. Mwenye nyumba alipogoa upande wa ndani ili watoto wasichomwe na miiba, upande wa nje akauacha, kwani unamhusu nini? Mzee Plau alipokuwa hai alipita na panga lake akiupogoa yeye, huku akiwasalimu. Alipofariki, panga lilibaki limening'inia ukutani. Kisha watu wakapata uwezo wa kujenga kuta. Hapo ndipo ulipokuja ujanja ambao hakuna aliyeuita ujanja: ukuta ulijengwa nje ya michongoma. Nani ang'oe ua wake kabla ukuta haujasimama, wezi wamwingilie? Ukuta ukisimama, ua unang'olewa, na mwenye nyumba anajikuta ana upenyo mpya uani kwake wa kuanikia nguo. Anafurahi, anashukuru, wala hajiulizi umetoka wapi.

Na aliyejenga nyingi ya kuta hizo alikuwa fundi mwashi mmoja, mdogo wake Mama Sare, mtoto wa kiume pekee wa Mzee Plau. Ukimwuliza, alijibu kwamba kamba ya kupigia mstari hushikwa na mwenye nyumba, yeye kazi yake ni tofali. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini jibu hilo alilitoa akiangalia pembeni.

Mama Sare naye hakubaki nyuma. Alianza na bati mbele ya duka, wateja wasinyeshewe. Chini ya bati akamwaga saruji, wasikanyage tope. Mvua za upepo zikawa zinalowesha mashati yaliyotundikwa, basi akamwita mdogo wake amfungie ukuta pale mbele, cherehani zipate kukaa kwa raha.

"Dada," fundi alisema, ameshika kamba mkononi, "hapa si njia ya baba?"

"Ni ile kona tu. Mimi nainyoosha."

"Unainyoosha."

"Si ilipinda kwa makosa? Aliyeipinda si ni mimi? Basi nainyoosha mimi mwenyewe."

Fundi alijikuna kichwa, akachota udongo. Ukuta ulipigwa lipu nzuri, laini, rangi ya bluu ya bahari iliyolingana na sare za shule mbili kubwa za pale. Mama Sare aliupenda ukuta ule. Na kuanzia siku hiyo, mdomo wa kichochoro, ambako zamani lori liliingia na mahindi yake, ulibaki wa kupita mtu mmoja na kikapu chake.

Sasa mama ameuliza. Mama Sare alikaa na swali siku nzima, na jioni akapiga moyo konde, akaingia kichochoroni kuongea na majirani. Alianza kwa Mwalimu, mzee mstaafu mwenye sauti ya darasani, ambaye aliwahi kumfundisha yeye na mdogo wake, na ambaye ukuta wake ulifuata baada ya duka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Karibu kiti."

Alimweleza. Mama anaumwa, gari haliingii, kila mmoja akirudi nyuma kidogo tu njia itafunguka. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Mama yako namheshimu," alisema. "Nilipofika hapa sina kitu, ndiye aliyenipa maji ya kufyatulia tofali. Mimi nitavunja. Lakini hebu niambie, nikivunja huku ndani, gari litaingia kwa kupitia wapi?"

Mama Sare akatazama kule mwanzoni, lilipo duka lake.

"Nakuuliza kwa wema," Mwalimu alisema. "Anza wewe. Ukianza wewe, mimi sina pa kujificha."

Jirani aliyefuata alisema hivyo hivyo kwa maneno machache zaidi, na mwingine akasema akiwa bado ndani, bila kufungua geti. Mama Sare alirudi dukani amefura. Alikasirika hasa kwa kuwa walikuwa na haki.

Mdogo wake alimkuta pale, akasikiliza, akatoka, akarudi na nyundo kubwa begani.

"Sogeza cherehani, dada. Kufika jioni ya kesho pako wazi."

"Wee! Kesho? Na shule zinafunguliwa? Nguo za watu nikazitundike wapi, shingoni?"

"Utashonea nyumbani."

"Nyumbani wateja hawanijui. Ngoja shule zifunguliwe kwanza. Zikishafunguliwa, hata mimi mwenyewe nitashika hiyo nyundo."

Fundi aliiweka nyundo nyuma ya mlango wa duka, ili ikae karibu. Ikakaa. Shule zikafunguliwa, na kama ilivyo kila mwaka, nusu ya sare zikarudi, huyu suruali imembana, yule sketi imemfika vifundoni. Hayo yalipokwisha ikaja oda ya kwaya, majoho yenye kola mbili. Kisha mvua zikaanza, na nani anavunja ukuta wakati wa mvua? Mama Sare hakuwa anadanganya. Kila sababu ilikuwa ya kweli, ungeweza kuishika mkononi na kuigeuza. Alitundika makoti ya wateja kwenye mpini wa nyundo.

Mama yake hakuuliza tena. Hilo lilimpa Mama Sare nafuu kwanza, halafu likaanza kumkosesha raha. Bibi alikuja siku anazoweza, akaketi, akawasema wapita njia kama kawaida, ila sasa alipofika pale pembamba alisimama kidogo na kushusha pumzi kabla hajapita. Kuna siku Mama Sare alimtokea kwa mbele ampe mkono.

"Mama, nitauvunja. Mvua zikipungua tu."

"Najua, mwanangu. Shona tu. Watu wanasubiri nguo zao."

Asubuhi aliyozidiwa ilikuwa asubuhi ya jua zuri. Fundi ndiye aliyempigia dada yake simu, kwa sauti iliyotoka nusu nusu: pumzi za mama hazishuki, midomo imebadilika rangi. Mama Sare aliita teksi, na teksi ikaja upesi, Mungu amlipe dereva yule. Ilisimama mbele ya ukuta wa bluu. Dereva alichungulia kichochoroni, akamtazama.

"Mgonjwa yuko wapi, mama?"

"Mwisho kule."

"Mleteni basi."

Walimbeba kwenye kiti chake cha plastiki, kile kile cha dukani, ambacho Mama Sare alikimbia nacho mpaka nyumba ya zamani. Fundi alishika mbele, Mwalimu, pamoja na uzee wake, akashika nyuma, na Mama Sare akaenda ubavuni akimshikilia mabega. Walipita penye geti la kwanza. Penye ukuta wa Mwalimu walilazimika kugeuka ubavu, viwiko vya Mwalimu vikikwaruza tofali alizozilipia yeye mwenyewe, na Mwalimu alikuwa akirudia neno moja tu, samahani, samahani. Majirani walitoka, lakini hapakuwa na mahali pa kusimama, kwa hiyo walirudi ndani ya mageti yao ili kupisha. Hakuna aliyempungia mkono.

Walipofika kwenye mdomo, kati ya duka na ukuta wa ng'ambo, kiti hakikupita. Walikijaribu hivi, wakakigeuza vile. Miguu ya kiti ikakwama, na kumwinua juu zaidi wasingeweza. Dereva alikuwa amesimama upande wa pili, karibu sana kiasi cha kumgusa mgonjwa mkono, amefungua mlango wa gari.

"Niteremsheni," bibi alisema.

"Mama, huwezi."

"Niteremsheni nipite."

Wakakirudisha kiti nyuma kidogo, wakamsimamisha. Fundi alitangulia kinyumenyume akimshika mkono mmoja. Mkono wa pili bibi aliuweka ukutani, kwenye lipu ya bluu, akawa anausogeza kidogo kidogo kadiri alivyosogeza miguu. Mama Sare alimfuata nyuma amemshika kiuno, akihisi mbavu zake zikipanda na kushuka. Katikati bibi alisimama. Wote wakasimama. Alikuwa anatafuta pumzi, na alipoipata aliitumia kusema.

"Lipu yako laini," alimwambia binti yake. "Haijanikwaruza."

Hakusema kwa kejeli. Afadhali angesema kwa kejeli. Mama Sare aliyazoea maneno makali ya mama yake tangu utotoni, angeyapokea na kuyajibu. Hayo hakujua ayaweke wapi. Alilia pale pale nyuma ya mgongo wa mama yake, kimya kimya, ili asimwongezee kazi.

Bibi hakurudi nyumbani. Alikaa hospitalini siku chache, akazungumza kidogo, akauliza kama kwaya ilipata majoho yake, kisha akanyamaza. Walipokwenda kumzika walimchukua hospitalini moja kwa moja, kwa sababu gari lililombeba lisingefika kwenye nyumba aliyoolewa na kuzalia watoto. Lilipita barabara kubwa, likapunguza mwendo mbele ya kichochoro. Mama Sare, ndani ya gari, alitazama upande mwingine.

Siku iliyofuata alitoa makoti ya wateja kwenye mpini wa nyundo. Mdogo wake alitaka kumpokea, akakataa. Alipiga vibaya, mwanzoni nyundo ilimrudisha nyuma kuliko ilivyorudisha ukuta, lakini alipiga. Lipu ya bluu ilianguka vipande vikubwa. Tofali zikafuata. Fundi alisimama pembeni, mikono kichwani, halafu naye akachukua mtaimbo wakaendelea pamoja. Walivunja ukuta, wakavunja saruji, wakashusha bati. Waliposafisha vifusi, kona ya zamani ikaonekana, ile iliyopindwa na nyigu, na ardhi chini yake ilikuwa nyeusi, yenye unyevu, ambayo kwa miaka yote hiyo haikuwa imeona jua. Mama Sare alichota kiganja kimoja akakitazama. Angetoa kila alichoshona maishani ili ile wiki ya kufungua shule irudi, asogeze cherehani na kumwachia mdogo wake avunje.

Mwalimu alikuja kutazama. Alisema naye ataanza, mwezi ujao, mjukuu wake akishaoa, maana wageni watahitaji uwanja. Mama Sare hakumlaumu. Aliitambua sauti ile.

Asubuhi moja alifika kufungua kile kipande cha duka kilichobaki, akamkuta mwanamke kijana ametandika gunia pale pawazi, anapanga nyanya kwa mafungu.

"Shikamoo, mama," kijana alisema, akitabasamu. "Nimepita nikaona pako wazi, nikasema nijishikize hapa. Sitakuzibia mlango."

"Marahaba. Lakini hapa ni njia, mwanangu."

"Njia ya watu si hii hapa pembeni? Wanapita."

"Ya gari."

Kijana aligeuka akaangalia ndani. Baada ya hatua chache tu ukuta wa Mwalimu ulikuwa umesimama pale pale, na baada yake giza la kichochoro.

"Gari liende wapi, mama? Kuna nini kule?"

"Kwa mama," alisema Mama Sare. "Gari la kumchukua mama yangu."

Kijana akashika mdomo. "Jamani, mama, nisamehe! Mimi nimekaa tu kama mtu asiye na mzazi. Nahama sasa hivi." Akaanza kuzirudisha nyanya kwenye ndoo kwa haraka, nyingine zikimdondoka. "Gari linakuja saa ngapi?"

Mama Sare aliinama, akaokota nyanya zilizobingirika, akamsaidia kulikunja gunia, wakahamishia vitu vyote upande wa pili wa barabara, mpaka njia ikabaki tupu toka mfuo hadi mfuo.